Mbwa wa Mtu Akikuuma: Maji, Sindano, Kisha Mwenye Mbwa

Mbwa wa jirani akimuuma mtu, kinachofuata mara nyingi ni kelele. Watu wanajaa, mmoja anatafuta panga, mwingine anagonga lango la mwenye mbwa, na aliyeumwa amekaa pembeni hajaguswa hata na tone la maji. Mpangilio huo ndio unaoua. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba. Kabla ya hapo kinazuilika kwa sabuni, maji na sindano zilizochomwa kwa wakati. Ugomvi na mwenye mbwa utakusubiri, hauozi.

Mbwa akikujia

Simama. Kukimbia kunamchochea hata mbwa aliyekuwa anabweka tu, na hakuna mtu anayemshinda mbwa mbio. Mgeuzie ubavu, usimkazie macho, mikono ikae karibu na mwili, kisha toa neno moja zito: "Toka!" Mbwa anaweza kuwa amelelewa kwa Luganda, Lugbara au Kiingereza cha bosi, ukali wa sauti anauelewa. Mayowe membamba ndiyo yanayomzidishia.

Kuinama kama unaokota jiwe humrudisha nyuma mbwa wa kijijini, kwa sababu amekua akitupiwa mawe. Usiitegemee hila hiyo mbele ya mbwa mkubwa wa ulinzi aliyeponyoka langoni: wengine wamefundishwa kumvamia anayeinua mkono, na ukiinama unamsogezea uso. Haifai pia kwa jike mwenye watoto, wala kwa kundi la madume yanayomfuata jike. Kwa hao, rudi kinyumenyume polepole bila kumpa mgongo hata mmoja, na tafuta ukuta au gari la kuegemea ili wasikuzunguke.

Weka kitu kati yako na meno: begi, jerikani, mwavuli, helmeti, koti ulilozungushia mkono. Mwenye baiskeli ashuke na kuiweka baiskeli katikati. Mwendesha boda asirushe teke, kwa sababu wanaoumia hapo huumizwa na lami kuliko mbwa. Apunguze mwendo mbwa akiwa bado mbali, kisha aongeze wanapokaribia kukutana. Mbwa hulenga mahali anapodhani atakukuta, na mwendo ukibadilika anakosea hesabu. Abiria abane miguu.

Akikushika, usivute. Meno ya mbwa yamepinda kuelekea ndani, na kuvuta ndiko kunakochana nyama. Kama ameuma mkono, sukuma kuelekea kooni kwake mpaka alegee. Ukianguka, jikunje kifudifudi, magoti kifuani, vidole vimefungamana nyuma ya shingo na mikono imefunika masikio, ukae kimya.

Anayekuja kuokoa asimpige mbwa aliyeshikilia mtu, kwani wengi huzidisha kubana na kutikisa kichwa. Ndoo ya maji usoni au blanketi juu ya kichwa husaidia zaidi. Mtu mwenye nguvu anaweza kumshika miguu ya nyuma, kuiinua na kurudi nyuma, kama anayevuta toroli. Mikono isikaribie mdomo.

Robo saa ya maji na sabuni

Hii ndiyo tiba ambayo kila nyumba inayo, na ndiyo inayorukwa.

1. Damu ikifoka, bana kwanza kwa kitambaa safi mpaka ipungue. Ikitiririka kidogo tu, anza kuosha.

2. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, ukiangalia saa ya simu. Sabuni ya mche ya kufulia inatosha. Virusi vya kichaa cha mbwa vimezungukwa na utando wa mafuta, na sabuni huuyeyusha. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi. Pasipo bomba, jerikani ya lita 20 inamaliza kazi: mmoja amwage polepole kwa kikombe, kama lita moja na kidogo kwa dakika, mwingine atie povu na kusuuza, tena na tena. Usitumbukize jeraha kwenye beseni, maji machafu yatarudi humo humo.

3. Tundu la jino ni dogo juu na refu ndani. Panua midomo yake taratibu maji yaingie. Usisugue kwa brashi.

4. Paka ayodini au spiriti.

5. Kama ni mkono, vua pete, bangili na saa mara moja. Baada ya saa chache vidole vimevimba na pete haitoki.

6. Piga picha ya jeraha, moja karibu na nyingine inayoonyesha kiungo kizima, kisha funika kwa shashi bila kukaza.

Usikubali jeraha lishonwe haraka haraka. Kushona kunafungia uchafu ndani na kusukuma virusi karibu na mishipa ya fahamu. Kidonda kikubwa cha usoni kinachohitaji nyuzi hushonwa baada ya dawa ya kingamwili (tutaifikia), na kwa nyuzi chache zilizolegea.

Mafuta ya taa, pilipili, majivu, udongo, mafuta ya breki, nywele za mbwa aliyeuma, jiwe jeusi: vyote viache. Vingine huchubua nyama na kufungua njia zaidi, vingine havifanyi kitu, na vyote hula muda. Kumnyonya mtu jeraha kwa mdomo kunaongeza mgonjwa wa pili.

Kama uliumwa jana au wiki iliyopita na hukuosha, osha leo na uende. Ugonjwa huu kwa kawaida hukaa miezi 2 au 3 mwilini kabla ya dalili, ingawa unaweza kuchukua wiki moja tu au mwaka mzima. Kuchelewa ni hatari, lakini hakuna siku ambayo mtu asiye na dalili huambiwa muda wake umepita.

Nani anahitaji sindano

Kulambwa kwenye ngozi isiyo na kidonda, au kumshika mbwa tu, hakuhitaji sindano. Ukikwaruzwa kidogo bila damu, au ukibanwa na meno kwenye ngozi tupu bila kutoboka, unahitaji chanjo. Meno yakitoboa ngozi, mkwaruzo ukitoa damu, au mate yakiingia machoni, mdomoni au kwenye kidonda cha zamani, unahitaji chanjo pamoja na dawa ya kingamwili.

Suruali ya jinzi isiyochanika si ushahidi. Vua uangalie mahali penye mwanga. Ukipaka spiriti na ikawasha mahali fulani, ngozi imefunguka hapo.

Watoto wanahitaji kukaguliwa mwili mzima, hata nyuma ya masikio na ndani ya nywele. Kimo chao kinaweka uso na shingo sawa na mdomo wa mbwa, na kadiri jeraha lilivyo karibu na ubongo ndivyo ugonjwa unavyoweza kuja upesi. Mtoto pia huficha: alikuwa anachokoza mbwa wa watu na anajua akisema atachapwa. Mwambie kabla ya kumuuliza kwamba hachapwi.

Sindano, na jinsi ya kuhesabu siku

Piga simu au tuma mtu wa boda kabla ya kusafiri. Hapa Uganda, kituo cha afya cha ngazi ya II au III mara nyingi hakina chanjo hii. Jaribu ngazi ya IV, hospitali ya wilaya, au hospitali ya rufaa ya mkoa kama Arua, Gulu, Mbale au Mbarara. Dozi huisha stoo, kwa hiyo muulize mhudumu hivi: "Musawo (daktari), chanjo ya kichaa cha mbwa ya binadamu ipo leo? Na immunoglobulini je?" Chanjo na immunoglobulini (ndiyo ile dawa ya kingamwili) ni vitu viwili tofauti, na kuwa na kimoja si kuwa na kingine.

Ukiambiwa ukanunue duka la dawa, chanjo inakaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ibebe kwenye chupa ya kuhifadhia baridi yenye barafu iliyofungwa kitambaa, kichupa kisigusane na barafu. Ikiganda imeharibika, ikipata joto la mfukoni imeharibika pia, na kwa macho huwezi kujua. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi na utunze boksi, maana nambari ya toleo itaandikwa kwenye kadi. Chanjo ya mbwa kutoka duka la mifugo haichomwi mtu.

Ratiba ya msulini inayotumika sana ni siku ya 0, 3, 7, 14 na 28. Ipo pia ya dozi nne, ya mwisho ikiwa kati ya siku ya 14 na 28, na ipo ya kuchoma ndani ya ngozi sehemu mbili kwa wakati mmoja, siku ya 0, 3 na 7. Mhudumu atachagua moja. Usichanganye mbili kwa kichwa chako kwa sababu jirani alichomwa tatu tu.

Hapa wengi hukosea: siku ya 0 ni siku ya sindano ya kwanza, hata kama uliumwa siku kadhaa kabla, na haihesabiwi kuwa siku ya 1. Ukianza Jumatatu, siku ya 3 ni Alhamisi, si Jumatano. Siku ya 7 ni Jumatatu inayofuata, ya 14 ni Jumatatu ya wiki ya pili, na ya 28 ni Jumatatu ya wiki ya nne. Andika tarehe zote kwenye kadi siku hiyo hiyo, mbele ya mhudumu. Ukikosa siku moja, nenda kesho yake na uendelee pale ulipoishia. Huanzi upya, na wala huachi.

Sindano inachomwa begani, na kwa mtoto wa chini ya miaka 2 pajani, upande wa mbele na nje. Isichomwe matakoni: mafuta ya hapo hupunguza nguvu ya kinga. Mhudumu akikuambia ulale kifudifudi, mkumbushe kwa adabu.

Immunoglobulini ni kingamwili zilizokwisha tengenezwa. Inahitajika kwa sababu mwili huchukua wiki moja hivi, hata mbili, kutengeneza za kwake baada ya chanjo. Huingizwa ndani na kuzunguka jeraha lenyewe. Ile inayotokana na binadamu ni yuniti 20 kwa kila kilo ya uzito, ya farasi ni 40, kwa hiyo mtu wa kilo 60 anapata hadi yuniti 1,200 za kwanza au 2,400 za pili. Hutolewa siku ya 0, na isipopatikana inaweza kutolewa hadi siku ya 7 tangu chanjo ya kwanza. Ni ghali na haipo kila mahali. Ikikosekana, anza chanjo bila kuisubiri, na hapo ndipo utafurahi kwamba uliosha robo saa nzima.

Mja mzito na anayenyonyesha wanachomwa kama wengine. Anayetumia dawa za VVU, au mwenye ugonjwa mwingine unaoshusha kinga, aseme mapema, kwa sababu yeye anaweza kuhitaji immunoglobulini hata kwa mkwaruzo mdogo. Aliyewahi kumaliza chanjo zamani anahitaji mbili tu, siku ya 0 na 3, bila immunoglobulini, mradi awe na kadi ya kuthibitisha.

Uliza pia kuhusu pepopunda na antibiotiki. Majeraha ya mkono huchacha upesi kuliko ya paja, kwani jino hufika kwenye kano na viungo. Uvimbe unaopanda, usaha, harufu, homa, au kidole kisichonyooka siku ya pili: rudi hospitali bila kungoja tarehe ya sindano.

Mbwa asiuawe

Mbwa hai aliyefungwa ana faida kubwa kuliko mbwa aliyepondwa mawe. Mbwa mwenye kichaa hutoa virusi kwenye mate siku chache tu kabla ya kuugua, na akishaugua hufa upesi. Kwa hiyo mbwa anayekula, kunywa na kutembea vizuri siku 10 baada ya kuuma hakuwa na virusi mateni siku ile. Hapo daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Lakini zile za mwanzo hazisubiri siku 10 ziishe. Unaanza leo, na mbwa anachunguzwa huku wewe unachomwa.

Afungwe kwa mnyororo au kwenye banda linalofungika, kwa mwenyewe au kwa daktari wa mifugo, asiuzwe wala kupelekwa kijijini. Mwenye mbwa asimchanje siku hizo, itavuruga uchunguzi. Cha kutazama ni mabadiliko: mpole aliyegeuka mkali, mkali aliyegeuka mpole na kujificha, kubweka kwa sauti iliyokauka, kutafuna vijiti na mawe, kuyumba nyuma, mate, taya kuning'inia. Hiyo ya taya huwaponza wengi. Wanadhani amekwamwa na mfupa, wanaingiza mkono kumtoa. Hakuna mfupa.

Cheti cha chanjo cha mbwa ni habari njema, si kibali cha kukaa nyumbani. Soma tarehe, maana chanjo nyingi hurudiwa kila mwaka, na soma maelezo ya mbwa kama yanafanana na huyu aliyesimama mbele yako. Kadi moja inaweza kuwa imetumika kwa mbwa watatu.

Kama ameshauawa, mzoga usichomwe wala kuzikwa kabla daktari wa mifugo wa wilaya hajaambiwa. Kipimo hufanywa kwenye ubongo, kwa hiyo kichwa kilichopondwa hakipimiki vizuri. Usikikate mwenyewe. Funika mzoga, uweke kivulini mbali na nguruwe na mbwa wengine, umwite. Yeye ndiye anayejua kutoa sampuli na kuipeleka maabara ya taifa ya magonjwa ya wanyama Entebbe. Mbwa akitoweka, au mwenyewe hajulikani, hesabu kwamba alikuwa na kichaa na umalize dozi zote.

Sasa mwenye mbwa

Mtume mtu mwingine akazungumze naye wakati wewe unaosha, au nenda mwenyewe baada ya sindano ya kwanza. Usiende na kundi. "Mzee, mbwa wako mwekundu amemuuma mtoto wangu saa 1 asubuhi hapa njiani. Naomba kuona kadi yake ya chanjo, na umfunge siku 10." Maneno hayo yanaomba vitu viwili ambavyo ni vigumu kukataa mbele ya majirani. Ukianza na "utanilipa!" atasema mbwa si wake, na usiku huo mbwa atahama.

Kusanya ushahidi mapema: majina na simu za walioona, picha ya mbwa, picha ya lango au ua uliotoboka, nguo zilizochanika bila kufuliwa, na kila risiti, ya boda ikiwemo (mwendeshaji aandike kwenye kipande cha karatasi na kusaini). Uliza majirani kama mbwa huyo amewahi kuuma. Mwenye mbwa aliyekuwa akijua kwamba mnyama wake anauma ana hali ngumu zaidi mahakamani kuliko ambaye ni mara ya kwanza.

Mengi humalizwa kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), na si vibaya, ila kosa linajirudia: mwenye mbwa analipia sindano ya kwanza, watu wanapeana mikono, na ya siku ya 14 hakuna wa kuilipa. Andikeni. Mfano:

"Mimi ______, mwenye mbwa dume mwekundu mwenye doa jeupe kifuani, nakubali kwamba tarehe ____ alimuuma ______ mguu wa kushoto. Nitalipa sindano zote za kichaa cha mbwa, dawa na nauli mpaka dozi ya mwisho ya tarehe ____, kila moja kabla ya siku yake. Mbwa atafungwa mpaka tarehe ____ na daktari wa mifugo ataruhusiwa kumwona. Fidia nyingine itazungumzwa baada ya kupona."

Wasaini wote wawili, mashahidi wawili, na mwenyekiti agonge muhuri. Kila mmoja abaki na nakala. Sentensi ya mwisho ina maana yake: usisaini kwamba "mambo yamekwisha" kabla ya dozi ya mwisho na kabla hujajua kama kidole kitakunjika.

Akikataa, au kama jeraha ni kubwa, nenda polisi. Eleza, uandikiwe kwenye kitabu cha kituo, uondoke na nambari ya kumbukumbu ya SD (Station Diary, ndicho kitabu hicho). Bila nambari hiyo, wiki ijayo hakuna anayekujua. Omba fomu ya PF3, ambayo hujazwa na mtabibu aliyekuona, na upige picha kila ukurasa kabla ya kuirudisha. "Afande, naomba PF3 na nambari ya SD" inatosha. Mbwa akiwa bado anazurura na kuvamia watu, piga 999 au 112. Penal Code ya Uganda (sheria ya makosa ya jinai) inahesabu kuwa kosa kuacha kwa uzembe kuchukua tahadhari juu ya mnyama wako anayeweza kumdhuru mtu. Fidia, hata hivyo, ni kesi ya madai. Asiye na uwezo wa wakili aulize mradi wa msaada wa kisheria wa Uganda Law Society, chama cha mawakili.

Kama mbwa ni wa kampuni ya ulinzi, shule au kiwanda, usibishane na askari wa getini, yeye hana mamlaka ya kulipa. Peleka barua kwa meneja, abaki na moja na akusainie nakala yako.

Mbwa huyo akiuma na wanyama

Mbwa wako akiumwa siku hiyo, mpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama amechanjwa, na umwoshe ukiwa na glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Mbuzi au ng'ombe aliyeumwa atengwe, na maziwa yake yasinywewe mabichi. Akianza kutokwa na mate, kushindwa kumeza, au kulia kwa sauti iliyobadilika, usimtie mkono mdomoni kumnywesha dawa, wala usimchinje ili kuokoa nyama, kwa maana anayepasua kichwa na shingo ndiye anayejipaka virusi. Mfunge mbali na watoto na umpigie simu daktari wa mifugo.